Hisa Mia Tano za Shangazi

Alhamisi, 7 Novemba
Urithi wa marehemu shangazi umefika. Hisa mia tano za kampuni ya saruji! Nikafungua gazeti, ukurasa wa hisa. Namba tele kama sisimizi kwenye sukari. Sikukata tamaa. Nikaweka rula, nikafuata jina mpaka kwenye bei: 212. Dinari 212 mara mia tano... laki moja na elfu sita! Mimi Fuhaid, karani mstaafu! Mke wangu Munira kasema nimuulize kwanza kaka yake, Dhari, aliyefanya kazi benki. Nimuulize Dhari? Afadhali nimuulize ngamia.

Ijumaa, 8 Novemba
Bei ni ile ile. Imara! Jioni diwaniya, baraza la wanaume, kwa Dhari, watu thelathini, kahawa, tende. Dhari kalisifu gari langu. Nikamjibu kama desturi: ni lako. Akakataa mara tatu, kama desturi. Hapo mtu hunyamaza, akabaki na mali yake. Mimi nikaapa kwa Mungu, nikamtupia ufunguo mapajani. Walivyoduwaa! Raha iliyoje!

Jumapili, 10 Novemba
Nimekwenda kwa dalali kuuza. Binti wa dirishani kacheka mpaka kahawa ikammwagikia. Eti bei huandikwa kwa fils, na fils elfu ndiyo dinari moja. Nina dinari mia na sita! Eti Ijumaa soko hufungwa, bei isingebadilika hata kwa dawa. Nimerudi kwa miguu. Munira kauliza kesho mama yake ataendaje kliniki. Kasema nisirudi bila gari. Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatatu, 11 Novemba
Nikaenda kwa Dhari alfajiri, nimejikaza. Kabla sijafungua kinywa, akanitia ufunguo mkononi. Kasema alikuwa akinitunzia tu, shemeji, yaishe. Ananihurumia! Dhari! Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikajificha nyuma ya gazeti lake. Na hapo, kwenye safu ya mwisho, mkabala na saruji yangu: 3,000,000. Safari hii sikukurupuka. Mtu hujifunza. Nikagawanya kwa elfu: dinari elfu tatu kila hisa! Dhari akadai hiyo ni idadi ya hisa zilizouzwa jana, si bei. Wivu huo. Nikamrudishia ufunguo, nikaapa upya. Munira na mama yake wananingoja mlangoni. Nitawaeleza nikifika. Ni mwendo wa saa mbili tu kwa miguu.