Mkanda wa Miwa wa Mtani Wangu

Jumatatu, 4 Machi. Lautoka, Fiji.
Msiba! Mbao zangu za kuchorea zimetupwa uani, mvua inazinyeshea. Bi Sarojini, mkuu wetu wa uhandisi hapa chuoni, kasema kiwanda cha sukari hakitaki tena vijana wa penseli na rula. Kinataka wanaojua kuiandikia mashine programu. Alhamisi wakubwa wa kiwanda wanakuja. Kila mwalimu aonyeshe mkanda mdogo wa kubebea miwa, unaojiendesha kwa programu yake. Atakayeshindwa, darasa ananyang'anywa. Nikamwambia mkuu huyo, mimi nafundisha kuchora tangu wewe hujavaa sare ya shule. Kanijibu ndiyo maana.

Jumanne, 5 Machi.
Asubuhi nzima na kompyuta. Nimefaulu kuiwasha. Chumba cha pili mwalimu Sakeasi, kaajiriwa juzi tu, mkanda wake unakwenda, unasimama, unapanga miwa kama askari. Kachungulia: eti mzee, hiyo penseli unaichaji wapi? Nimevumilia. Ni mtani wangu, kisiwa chao na chetu mzimu wa mababu ni mmoja. Mtani hanuniwi. Tena mtani akichukua kitu chako, ndala, hata kuku, huna haki ya kudai.
Hapo akili ikanijia!

Jumatano, 6 Machi.
Sakeasi kaenda kula, kompyuta kaiacha wazi. Nimenakili programu yake yote. Wizi? Utani tu! Dhamiri imenichoma kidogo. Nimekula mihogo na samaki, ikatulia.

Alhamisi, 7 Machi.
Mungu nisamehe. Mkanda ulianza vizuri. Meneja wa kiwanda akainama kutazama. Ghafla ukarudi kinyumenyume, mbio! Vipande vya miwa vikamruka usoni, kimoja kikatua mfukoni mwa shati lake la maua. Kumbe Sakeasi aliitega programu makusudi, alijua mtani wake ataiba. Akapiga ukelele: mtani, tamu? Ukumbi mzima hoi kwa kicheko, meneja naye. Na mimi kununa siruhusiwi! Nimecheka machozi yakinitoka.
Nimeungama kwa Bi Sarojini. Darasa langu kampa Sakeasi. Mimi nikae dawatini na mwaka wa kwanza. Nikifaulu mtihani wao wa programu Jumatatu, atanirudishia.

Ijumaa, 8 Machi.
Nimetubu kabisa. Sasa kusoma kwa jasho langu! Nimemaliza kurasa mbili. Kisha nikasikia mtihani hausahihishwi na mtu, unasahihishwa na kompyuta ya ofisini.
Basi! Nimekwenda sokoni kununua yaqona, mizizi minene, mikavu, ya kinywaji cha heshima. Hapa Fiji nani amewahi kukataa ombi lililotanguliwa na yaqona? Kesho naiweka mbele ya hiyo kompyuta, nakaa chini, napiga makofi kwa adabu, naieleza shida yangu.