Kuijaza Slipi

Jumatatu, tarehe 5
Barua! Nimejisainia mwenyewe, maana mimi ndiye karani wa masjala na barua zote hupitia mikononi mwangu. Hata kusema sikuipata siwezi. Eti nililipwa posho ya kukaimu miezi saba zaidi, baada ya mkuu wangu kurudi kazini kutoka masomoni. Ni kweli. Kila mwezi niliiona, kila mwezi nilinyamaza. Nilidhani serikali imenipenda.

Deni: milioni moja na elfu hamsini. Nifike ofisi ya mishahara ndani ya siku saba tupatane kulipa kidogo kidogo. Nisipofika, watakata kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Mkataji ni yule mhasibu tunayemwita Desimali, kwa kuwa hasamehi hata senti. Aliwahi kunidai hela ya chai mbele ya wageni. Leo nikampigie magoti? Thubutu!

Binti yetu amepata nafasi chuo cha uuguzi. Ada ya kwanza ni laki nne, mwisho tarehe 30, na tegemeo ni mshahara huu. Sanduku lake liko tayari mlangoni. Mke wangu ameinua macho kwenye cherehani akauliza mbona sili. Nimesingizia jino.

Jumanne, tarehe 6
Sikulala. Lakini akili ni mali! Nimefungua jalada la kanuni: mtumishi hakatwi mpaka akabaki na chini ya theluthi ya mshahara. Mimi napata laki tisa. Theluthi ni laki tatu. Kodi na pensheni zinakula laki moja na themanini. Nafasi ya kukata iliyobaki ni laki nne na ishirini. Nikiijaza mwenyewe kabla ya Desimali, yeye atakata wapi? Hewani! Nimecheka peke yangu. Mhudumu wa chai ameuliza kama nina homa.

Jumatano, tarehe 7
Chama cha kuweka na kukopa. Nimepandisha akiba yangu hadi laki mbili na nusu kwa mwezi. Katibu amenishika mkono kwa heshima, akasema wanachama wenye nidhamu kama yangu wamekwisha. Nimekubali sifa. Na ada nitaikopa hapohapo, mara tatu ya akiba. Sijui kwa nini watu hulalamika kuhusu serikali.

Ijumaa, tarehe 9
Bima ya mazishi, familia nzima, mama mkwe ndani yake, elfu arobaini na tisa na mia sita kwa mwezi. Halafu jokofu la mkopo, laki moja na elfu ishirini kwa mwezi, kutoka kwa yule muuzaji anayezunguka maofisini. Nimepiga hesabu mara tano. Nafasi iliyobaki kwenye slipi ya mshahara: mia nne tu. Serikali na ichukue mia nne yake, ikanywe chai.

Jumamosi, tarehe 10
Jokofu limefika. Halipiti mlango wa jikoni. Limesimama sebuleni, kati ya viti, na mgeni akija itabidi akae upande mmoja nasi upande wa pili. Nimemwambia mke wangu ni tuzo ya utumishi bora. Amefurahi mno, ameita majirani. Kila alivyonisifu ndivyo nilivyozidi kuloa jasho.

Jioni mama mkwe amepiga simu. Wakala wa bima alimuuliza mwaka wake wa kuzaliwa. Naye akataka kujua kwangu, kwa upole, nimempangia mwezi gani.

Jumatatu, tarehe 12
Siku ya saba. Nimekutana na Desimali kwenye ngazi. Amesema mlango wake uko wazi mpaka saa kumi, na kwamba deni lile anaweza kulitawanya miezi ishirini na moja, elfu hamsini hamsini. Hamsini tu! Karibu nimfuate. Nikakumbuka hela ya chai. Nikamwambia nina kazi nyingi. Saa kumi ilipogonga nilikuwa nimejifungia stoo ya majalada, nahesabu dakika.

Alhamisi, tarehe 15
Nimekwenda chamani kuomba mkopo wa ada. Katibu ameitazama rasimu ya slipi ya mwezi huu, akaigeuza, akaitazama tena. Akasema hapana nafasi ya kukatia rejesho, slipi imejaa. Nimemwomba apunguze ile akiba. Akasema fomu mpya huanza mwezi ujao, na kwamba nidhamu yangu isitikiswe na tamaa ndogondogo. Mungu wangu!

Ijumaa, tarehe 23
Mshahara. Akiba: sifuri. Bima: sifuri. Jokofu: sifuri. Deni la mwajiri: laki nne na ishirini. Mkononi: laki tatu.

Nimekimbilia kwa Desimali, pumzi juu. Amenieleza polepole kwamba deni la mwajiri hutangulia mengine yote. Hao wengine wakikosa nafasi, watanidai taslimu. Akanionyesha ukurasa wa pili wa kanuni. Kumbe niliubana mwenyewe kwenye jalada jingine. Nimemwomba anitawanyie. Akasema zile siku saba ndizo zilizokuwa za kutawanya. Hakucheka. Heri angecheka.

Jumapili, tarehe 25
Nimeruka majivu, nimekanyaga moto. Muuzaji amekuja na mkokoteni, amelichukua jokofu majirani walewale wakitazama. Mke wangu ameuliza tuzo gani hii inayorudi ilikotoka. Nimesema yote. Nilitaka apige kelele. Amekaa tu, akahesabu kwa vidole: laki tatu, na mwezi mzima wa kula.

Binti yetu alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Alilifungua sanduku, akaanza kurudisha nguo kabatini, moja moja, akizikunja vizuri. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jumanne, tarehe 27
Ada imelipwa. Mke wangu ameuza cherehani yake ya umeme, ile ya oda za sare za shule. Amebaki na ile kuukuu ya miguu. Fundi aliyeinunua amekubali kuirudisha akipewa fedha zake ndani ya mwezi mmoja. Nimelia chooni kazini. Mke wangu hakunitukana. Amesema tu kwamba kuanzia leo sitii saini karatasi yoyote kabla yeye hajaisoma. Nimeapa.

Ijumaa, tarehe 30
Binti ameondoka. Amenikumbatia, akaniambia baba nisiwaze. Nitakosaje kuwaza? Cherehani ile lazima irudi.

Na Mungu si mwanadamu! Saa nne dereva wa mkurugenzi ameingia masjala. Anakopa kwa mkopeshaji wa mtaa wa pili, asiyeuliza habari za slipi, ila anataka mdhamini. Nikimdhamini ananipa laki moja ya asante, papo hapo. Nimeuliza kama mdhamini hulipa. Amesema mdhamini hutia saini tu, anayelipa ni mkopaji. Nimeuliza kama yeye atalipa. Amesema bila shaka. Mtu mstaarabu, viatu vyake vinang'aa.

Nimesaini mara tatu, alipoweka kidole. Karatasi sikuja nayo nyumbani, maana mke wangu anakanyaga cherehani ya miguu mpaka magoti yanamuuma, na sitaki kumchosha kwa kusoma. Akiuliza laki hii imetoka wapi, nitasema ofisini.