Kitabu Kilichoisha na Karanga

Jumatatu, 7 Julai

Salamu nyingi kwa wote wa humu ndani. Kwako Byron, Baba Aluoch, uliyekimbilia kazi ya kupakia malori huko Bugolobi ukaacha chai nusu. Kwako binti yangu Aluoch, ukue, ushibe, uache kulialia. Kwako mwanangu Ochola mdogo, meno yanayoota yasikutese. Kwako wifi yangu Ajwang, dada ya Byron, uliyekuja Kibuli kutusalimia siku mbili na bado unatusalimia tangu Pasaka. Hata kwako kuku wa jirani yetu Jalia, uliye chini ya kitanda chetu bila kualikwa. Mimi Celestine ni mzima wa mwili. Najua daftari hili ni langu peke yangu. Lakini kuandika bila salamu ni kama kuingia kwa watu na kufunua sufuria.

Sasa hasira.

Asubuhi bombani Jalia ananiuliza mbele ya watu kama Aluoch wangu anasoma nyumbani. Anasema binti yake Husnah hawezi kulala bila kitabu, bambi, maskini wa watu, mpaka anamnyang'anya. Kisha akanipa pole. Pole ya nini? Nani amefiwa? Nikamwambia Aluoch anasoma hata akila, mpaka mchuzi unapoa.

Uongo. Aluoch akiona kitabu tumbo linamuuma.

Na shida ni ya kweli. Mwalimu Nasur amempa kila mtoto wa darasa la pili kitabu cha Kiingereza cha kukaa nacho wiki nzima. Wazazi tuhakikishe mtoto anasoma kila siku, tena kwa furaha. Ijumaa atawasikiliza mmoja mmoja. Asiyeweza, saa ya kusoma atapelekwa kukaa na darasa la kwanza. Aluoch amelia mpaka amepata kwikwi. Anasema viti vya kule ni vya watoto, magoti yake yatafika masikioni na Husnah atamcheka. Mtoto wangu! Mimi niliacha shule darasa la nne, najua kuchekwa kulivyo. Yeye hatachekwa.

Nina mpango. Mimi nauza karanga za kukaanga. Kila ukurasa akisoma, konzi moja ya karanga.

Jioni. Amezipitia kurasa kama moto! Nilikuwa karibu kulia kwa furaha. Ndipo Ajwang, ambaye Kiingereza anakijua kuliko mimi na hachoki kunikumbusha, akasema mtoto hasomi, anaangalia picha na kubuni. Karanga za kuuza kesho zimekwisha. Sasa tumbo linamuuma kweli.

Jumanne, 8 Julai

Maajabu.

Karanga zangu nazifunga kwenye vifuko vya karatasi kuukuu ninazonunua sokoni Nakivubo. Magazeti, mitihani ya zamani, barua za maofisi, chochote. Leo Aluoch alikuwa ananisaidia kusokota. Kimya. Mtoto akiwa kimya lazima uangalie. Kumbe anasoma! Anafuata kwa kidole, anacheka peke yake. Tangazo la chakula cha kuku. Halafu habari ya mtu aliyepoteza hati ya shamba. Ananiuliza kama aliipata. Nitajua wapi? Karatasi imekatika pale pale, na nusu ya pili imeshaondoka na karanga za mteja.

Akamkimbilia mteja! Mzee wa watu anapanda kilima taratibu kwenda msikitini, mtoto wangu nyuma yake anadai karatasi. Mzee akamimina karanga mfukoni mwa kanzu na kumpa. Nimeona aibu mpaka nikajifunika leso.

Basi nikakaa nikawaza. Kitabu cha shule, safi, chenye picha za rangi, kinamuumiza tumbo. Karatasi yenye mafuta anaikimbiza barabarani. Kwa hiyo kosa si la mtoto. Kosa ni la kitabu kuwa kitabu.

Mkasi uko wapi?

Jumatano, 9 Julai

Nimekikata. Vizuri kabisa, pale penye mshono, hakuna neno lililoumia. Ijumaa asubuhi nitakishona tena, uzi ninao. Mwalimu alisema mtoto asome kwa furaha. Hakusema kurasa ziwe zimeshikana.

Nimesokota kila ukurasa kifuko, nikatia karanga kidogo, nikavipanga kwenye beseni la bluu kwa utaratibu wa hadithi. Aluoch aliporudi kutoka shule nikampa kifuko cha kwanza. Akala. Akakunjua. Akasoma! Maneno makubwa yalimkwamisha, akarudi nyuma, akayashinda. Ni habari ya mbuzi aliyepanda boda kwenda sokoni aone mwenyewe ni nani hao wanaonunua mbuzi. Mwenye boda anamwambia ashuke, mbuzi anasema hashuki. Aluoch alinitafsiria huku anaigiza mbuzi, Ochola akacheka mpaka akatapika.

Akaomba kifuko kingine. Mbuzi amefika wapi, Mama? Nikamwambia mpaka kesho. Akanishika sketi na kunisihi! Mtoto anasihi kusoma! Nikampa kimoja tu. Kesho vilivyobaki.

Byron aliuliza kitabu kiko wapi. Nikamwambia kipo, kimepumzika.

Alhamisi, 10 Julai

Ajwang! Ajwang! Ajwang!

Nilimwambia achukue beseni akaniuzie pale steji, kituo cha boda, wakati nampeleka Ochola hospitali kupimwa uzito. Beseni la kijani. Amechukua la bluu. Amerudi amefura kwa fahari, ameuza yote, watu walikuwa wanagombania. Nikamfokea. Anasema kama kulikuwa na siri katika beseni ningemwambia. Anasema hata hivyo nani mwenye akili anakata kitabu cha shule. Mbele ya mtoto!

Aluoch akapiga yowe. Hakulilia Ijumaa wala viti vya darasa la kwanza. Alikuwa analilia mbuzi.

Tukashuka mbio steji, yeye mbele mimi nyuma na Ochola mgongoni. Kamis mwenye boda karanga alikuwa amemaliza, ukurasa ameukunja kwenye kofia yake ngumu. Nikamwomba. Akakataa! Anasema mbuzi wake ameshakamatwa na mchinjaji, hawezi kuachia hapo, mpaka aambiwe kinachofuata. Nikamuuliza hana aibu, mtu mzima na ndevu. Akasema Mama Aluoch, ndevu hazizuii mtu kutaka kujua. Mwenzake naye ana ukurasa wa mbuzi anakula sukari guru dukani. Wakaanza kubishana upi unatangulia, abiria wamesimama pale wanangoja.

Kisha Kamis akasema kurasa nyingine ziko kwa Mama Husnah, Jalia, aliyenunua vifuko vingi vya wageni wake.

Jalia. Lazima awe Jalia.

Nimefika kwake nikakuta nini? Mkeka umetandikwa barazani. Watoto wa ploti nzima. Husnah anapanga kurasa, Jalia anazipangusa mafuta kwa kitambaa kama mwenye mali. Kamis na wenzake wakaja na zao. Aluoch akaacha mkono wangu, akaketi kati yao, wakaanza kupokezana, yeye na Husnah. Mtoto wangu akasoma mbele ya wanaume wa steji, sauti juu, bila kusita. Walipofika kwa mchinjaji Kamis akashika kichwa.

Ukurasa wa mwisho haukuonekana. Aliununua abiria, ameenda nao Bugolobi. Basi kila mtoto akatunga mwisho wake, na ule wa Aluoch ukapigiwa makofi.

Nilifurahi? Nilifurahi, ndiyo, machozi yalinitoka. Halafu mama mmoja akasema kwa sauti, jamani Jalia ana moyo, kukusanya watoto wa watu hivi na kuwasomesha. Jalia akasema aa, ni kidogo tu.

Kidogo tu! Kwa karanga zangu! Kwa mkasi wangu!

Ijumaa, 11 Julai

Nimekishona kwa uzi wa bluu, mweusi umeisha. Kinanuka karanga. Nikampeleka Aluoch mwenyewe.

Mwalimu Nasur alikishika kwa vidole viwili. Akaniuliza kama panya wetu wanajua kushona. Nilijua ni matusi ya kisomi.

Lakini Aluoch akasoma. Chote! Alipofika pasipo na ukurasa hakusimama, aliendelea kutoka kichwani, mbuzi akamtoroka mchinjaji na kurudi nyumbani akiendesha boda yeye mwenyewe. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Hapelekwi darasa la kwanza. Asante Mungu, asante, asante.

Halafu Mwalimu Nasur akatoa hukumu. Aluoch ataendelea kupewa vitabu, ila havitalala kwetu. Vitakaa kwa Mama Husnah, naye Aluoch atakwenda kusomea huko kila jioni, kwa kuwa Mama Husnah, anasikia, ni mzazi mwenye bidii sana ya kusomesha.

Nilitaka ardhi ipasuke. Na Aluoch je, alinitetea? Alirukaruka! Anauliza jioni ya leo inaanza saa ngapi.

Byron amecheka mpaka ugali ukampalia. Anasema si ulitaka mtoto apende kusoma, sasa anapenda. Nikamwambia nilitaka apendee hapa! Miguuni pangu! Ajwang alijiongezea ugali akaendelea kula, na ilinichoma zaidi.

Jumamosi, 12 Julai

Aluoch amekwenda kwa Jalia tangu saa nne. Namsikia kutoka hapa, anaigiza fisi. Anaigiza vizuri. Nyumba imepoa.

Sitakubali, Aluoch lazima arudi kusomea hapa kwangu. Nimetafuta chanzo cha kushindwa kwangu nimekiona. Kitabu kilikuwa kidogo mno! Karatasi nazo nyembamba, mafuta yalipenya. Nimeandika barua hii, Ajwang ataipiga picha aitume kwa simu yake:

Dada yangu Apondi, salamu kwako na wote wa nyumbani Siaya, nyumba kwa nyumba. Kile kitabu kinene cha Baba, chenye jalada gumu na picha za wanyama, kipo? Nitumie kwa basi la Busia. Usimwambie Baba. Kama kina karatasi nzito ndiyo vizuri zaidi. Nimeshapeleka mkasi kunolewa, na beseni nimenunua jekundu ambalo hata Ajwang hawezi kukosea. Nijibu upesi, Apondi, leo leo, kabla Jalia hajatandika mkeka wa pili.