Pareto Yangu na Macho ya Njoka

Jumatatu, 2 Septemba 1957
Riungu, bwana shamba kutoka Meru, ametangaza barazani: banda la kukaushia pareto litajengwa juma hili ng'ambo ya handaki linalozunguka kijiji, kwenye mgongo wa kilima kando ya msitu. Mgongo wangu! Pale pale nyumba yangu ilipobomolewa tulipokusanywa katika kijiji hiki kwa amri ya Hali ya Hatari. Mlinzi wa banda atapewa ruhusa ya kulala huko. Atateuliwa Jumamosi, yule ambaye pareto yake itaua viroboto upesi zaidi.

Tangu tuhamishwe sijaamka nikakanyaga umande wangu mwenyewe. Lazima niwe mimi.

Njoka, mtu wa rika langu tuliyetahiriwa naye siku moja, alinitakia heri. Kwa nini?

Jumanne, 3 Septemba
Nimechuma. Maua yamefunguka sawasawa, petali nyeupe zimelala bapa, umande umekauka. Njoka alisimama mpakani, akayatemea mate kuyabariki. Najua wazee hubariki kwa mate. Lakini mengi kiasi kile? Mke wangu Wamuyu alisema mate ni mate. Nimepangusa ua mojamoja.

Jumatano, 4 Septemba
Wenzangu wanaanika mikekani kivulini, kila mpita njia akiona. Wapumbavu! Yangu nimeyaficha kwenye uchaga, juu ya meko. Wamuyu alinikumbusha kwamba Riungu alikataza moto mkali, kwamba unaua nguvu ya pareto. Nikamwuliza ametumwa na nani. Akauliza atumwe na nani, na sote tumezungushiwa handaki moja.

Nikaongeza kuni.

Alhamisi, 5 Septemba
Njoka amekuja kuomba moto. Ana moto kwake, moshi nimeuona! Akatazama juu, akanusa, akasema, "Mzee Mbaka, teremsha hayo maua, yanaungua." Bila shaka, niyateremshe apate kuyahesabu!

Nikaongeza kuni.

Ijumaa, 6 Septemba
Riungu ameagiza kila mkulima aje na viroboto wake. Kijiji hiki hakina upungufu. Nimechagua wangu kwa makini: vikongwe, wanyonge, wenye kuruka kwa kujikongoja. Nimewafungia chupani bila chakula. Chupa nimeifunga kiunoni, Njoka asije akanibadilishia.

Jumamosi, 7 Septemba
Aibu!

Riungu alinyunyiza unga wa maua ya Njoka yaliyosagwa, na viroboto wake wakalala miguu juu. Akanyunyiza unga wangu. Vikongwe wangu wakaruka kama ndama waliofunguliwa. Mmoja akaingia ndani ya soksi ya Riungu. Felicitas, muuza ndizi, akauliza kwa sauti kama niliwapa dawa au uji. Kijiji kizima kikacheka, hata homgadi, yule mgambo wa serikali alindaye lango. Riungu akanusa unga wangu, akaniambia kwa upole kwamba nimeyapika maua.

Sikuyapika. Ni yale mate! Yalinyonya nguvu yote kabla sijayapangusa.

Njoka ndiye mlinzi.

Jumapili, 8 Septemba
Njoka amekuja baada ya ibada. Alisema amri hairuhusu mlinzi kulala kule peke yake, anatakiwa awe na mwenzake, na wake zao wanaruhusiwa. Amenichagua mimi. Rika haliachi rika, alisema, tena wewe ndiwe unayejua chemchemi iliko, shamba ni lako.

Kabla hajamaliza, Wamuyu alikuwa ameshatoa sufuria.

Nilitafakari. Mtu ashinde, halafu agawe ushindi wake na aliyeshindwa? Mtu kama huyo hajazaliwa. Nilikataa kwa adabu. Njoka akasema mlango hautafungwa. Wamuyu akasema nafasi haimwagwi kama maji machafu. Amekwenda na Njoka na mkewe, akaniachia ndizi tatu za kuchoma na ushauri mwingi.

Jumatano, 11 Septemba
Wamuyu amepitia kuchukua chumvi. Anasema chemchemi yetu bado inatiririka. Ule mti wetu wa muringa, uliokatwa nyumba ilipobomolewa, umechipua tena, na machipukizi yanamfikia begani. Nikamwomba arudie habari ya muringa. Akarudia.

Akasema tena kwamba Njoka huniulizia kila siku.

Kila siku! Hapo amejisaliti. Mtu asiye na la kuficha huulizia mara moja.

Kesho nitamwomba chifu pasi ya kutoka kijijini. Si ya kuhamia! Ya kupeleleza tu. Nitabeba na blanketi langu, kwani Njoka ni mjanja, na huenda upelelezi ukachukua miaka.