Mwamuzi Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi
Meneja katoa amri. Mitambo miwili ya kutafutia habari, wangu na wa Takwimu, itashindanishwa. (Takwimu ni jirani yangu wa meza. Tumembatiza hivyo kwa sababu hata umpe salamu anaitafutia wastani.) Watu wa kawaida wataona majibu ya mitambo yote, mmoja kushoto, mwingine kulia, bila kujua upi wa nani, na watachagua bora. Atakayeshindwa anarudi kupokea simu za malalamiko. Baada ya miaka miwili ya jasho! Simu zile nazijua. Sirudi ng'o.

Nimeomba niandae dodoso mimi. Takwimu kanishukuru. Masikini, hajui anachoshukuru.

Jumanne, 4 Machi
Maswali arobaini, tayari. Takwimu kashauri tuongeze na mitego. Mtu kauliza namna ya kutoa doa la wino: upande mmoja majibu ya doa, upande wa pili ufugaji wa mbuzi. Anayechagua mbuzi hasomi, na majibu yake yote yanatupwa. Wazo zuri, nimekubali kwa shingo upande.

Waamuzi nimesema nitawaleta mimi. Nimempigia shangazi, mwenye kikundi cha ushonaji. Wako sita, wana simu na wana muda. Nimemwambia yangu yote nimeyaweka kushoto, wabonyeze kushoto tu. Kauliza kama hiyo ni halali. Nimemjibu ni sayansi.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kuwatazama. Nisingeweza kukaa! Cherehani kimya, vichwa sita vimeinamia simu. Fundi wa mashati alitaka kubonyeza kulia kwenye swali la jino linalouma. Eti kulia kaona zahanati iliyo wazi sasa hivi, kushoto kaelezwa jino lina tabaka ngapi. Shangazi kamkaripia, mwanangu kasema kushoto. Akabonyeza kushoto, huku anaguna.

Njia nzima nimewaza. Hivi kweli mtu anaumwa jino, hataki kujua tabaka zake? Mimi ningetaka!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Takwimu kaniambia kwenye chai, kwa upole kabisa, kwamba juzi jioni aliiwekea programu uwezo wa kuchanganya pande. Swali hili niko kushoto, linalofuata niko kulia. Haki itendeke, kasema. Chai ikanipalia.

Nimekimbilia kompyuta. Wote sita wamechagua mbuzi. Wote sita wametupwa! Shangazi kapiga simu kuuliza kama tumeshinda. Nimemwambia tunahesabu.

Meneja kawaka. Asipopata hata mwamuzi mmoja safi kufikia jioni, sote wawili tunakwenda kwenye simu. Nikajiandikisha mwenyewe kwa jina la shemeji yangu: mwamuzi namba saba. Kosa liko wapi? Mzazi hashindwi kumtambua mwanawe. Wangu nitaujua tu.

Nimejibu yote arobaini kwa makini, na maoni nimeandika. Kusema kweli nimeshangaa. Sikujua mtambo wangu una busara kiasi hiki! Majibu mafupi, ya kumfaa mtu mwenye shida. Wa Takwimu, aibu tupu. Nimemhurumia.

Ijumaa, 7 Machi
Takwimu thelathini na sita. Mimi nne.

Nimeomba wahesabu tena. Wamehesabu. Nne.

Meneja kasoma maoni ya namba saba kwa sauti, mbele ya ofisi nzima. Kuhusu upande ulioshinda: huyu anajua watu wanahangaika na nini. Kuhusu ulioshindwa: porojo ndefu, aliyetengeneza hii hajawahi kuumwa jino. Watu wamecheka mpaka machozi. Meneja kasema mwamuzi huyo ni hazina, hakunasa hata kwenye mtego mmoja. Takwimu kaomba nimlete ofisini ampe mkono. Nimesema kasafiri.

Nimehamishia vitu vyangu kwenye dawati la simu. Inauma, sifichi.

Jumatatu, 10 Machi
Simu ishirini na moja, na bado ni asubuhi. Katikati nimepata nafasi ya kutafakari kwa kina, na nimeona tatizo lilipokuwa. Nimeshampelekea meneja malalamiko rasmi, kurasa tatu: kwamba mwamuzi namba saba hana elimu ya kutosha, kwamba ni dhahiri ana chuki binafsi na mimi, na kwamba achunguzwe haraka, yeye na kompyuta aliyotumia.