Kliniki ya Miguu Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imefika. Beseni, kisanduku chenye taa ya kijani, na chuma cha kuzamisha majini. Unatia chumvi, mteja anatumbukiza miguu, umeme unapita, sumu za mwili zinatokea kwenye nyayo. Maji yanageuka kahawia, kila mtu anajionea. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, amesema kazi hiyo hufanywa na figo, tena bure. Wivu wa kitaaluma. Nimeisukuma meza ya chakula ukutani. Sebule sasa ni kliniki.

Jumanne, 4 Machi

Mteja wa kwanza ni jirani yetu fundi cherehani, tunayemwita Mama Pindo. Ana presha, na miguu humvimba kwa kukanyaga cherehani kutwa. Nusu saa, maji kama matope. Aliyatazama kwa huzuni, akauliza kama yote hayo yalikuwa ndani yake. Nikamwambia bado yamebaki mengine. Mama mkwe, anayekaa nasi, alikuwa kwenye kochi. Aliyachungulia maji, kisha akaikagua mashine. Sipendi anapokagua.

Alhamisi, 6 Machi

Wateja hawapungui. Nimegundua kwamba nikizidisha chumvi, maji yanakolea. Kwa hiyo chumvi inavuta sumu. Nimeling'amua hilo bila kusomea udaktari. Chakula cha jioni kilikuwa chapwa, wote wakanitazama mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe ameificha chumvi chumbani kwake. Nilibahatika kukomba kijiko kimoja, nikamtilia Mama Pindo. Maji yakawa manjano kidogo tu. Akafurahi, akauliza kama ndiyo amepona. Ningesema nini? Nikamwambia ni msafi kama mtoto mchanga. Akauliza kuhusu vidonge vyake vya presha. Nikasema mwili msafi haubebeshwi mizigo. Sentensi nzuri, nimeibandika mlangoni.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Pindo ameanguka kwenye cherehani yake. Mke wangu alikuwa zamu alipofikishwa hospitali. Atapona, lakini ilibaki kidogo. Mke wangu aliporudi hakufoka. Aliketi ukingoni mwa kitanda na sare yake, akaniuliza polepole kama nilimwambia aache dawa. Nikajibu kwamba neno "acha" sikulitamka. Akabeba mto wake, akaenda kulala chumbani kwa mama yake.

Jumanne, 11 Machi

Wateja walikuja kuulizia habari. Nikawaeleza kwamba tatizo ni kukatiza tiba. Hapo mama mkwe akainuka. Akamwaga maji, akajaza mengine, akatia chumvi ngumi nzima, akachukua mwanasesere wa mjukuu wake na kumzamisha miguu. Akawasha. Tukasubiri. Kahawia. Akawauliza wateja mwanasesere huyu amekula nini. Wakacheka kupita kiasi. Akabadili maji, akawasha tena, safari hii bila mguu wa yeyote. Kahawia vilevile. Akanigeukia, akasema kwa upole: mwanangu, hiyo ni kutu ya chuma chako. Wateja wakavaa viatu. Mmoja alisahau kuaga.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda hospitali kumpa pole Mama Pindo. Aliponiona akaivuta miguu yake ndani ya shuka. Akanishukuru kwa kuja, akaniomba nisikae sana. Nilijisikia vibaya mpaka getini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetafakari. Mtu mzima lazima akubali ukweli unapomjia, hata ukiletwa na mama mkwe. Ndani ya beseni hapakuwa na miguu, na sumu ilitoka. Maana yake ni moja tu: sumu imo kwenye maji ya bomba. Mtaa mzima unayanywa. Nimeibeba mashine kwapani, nikagonga nyumba ya kwanza. Mama mwenye nyumba ni mtu mstaarabu, amenipa kiti na ndoo ya maji yake mwenyewe. Yalipogeuka kahawia akafunika mdomo. Ameniuliza kwa sauti ya chini kama watoto wake wataishi. Nimemwambia tumewahi.