Nifanyie Kama Pasi

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Makubwa leo! Bosi kaleta mshauri wa akiba za uzeeni. Ule mfuko tunaokatiwa mshahara kila mwezi, sisi wa kufua mashuka ya hospitali, unafungwa. Kila mtu achague: achukue chake chote sasa, au kihamie mfuko mwingine kimngoje astaafu. Mshauri atakaa na kila mmoja, bure kabisa. Binti mdogo, miwani mikubwa kuliko uso. Mimi na hesabu hatusalimiani. Ila macho ninayo. Jirani yangu wa meza ya kunyoosha, tunamwita Pasi, hajawahi kupunjwa hata sokoni. Atakachofanya yeye ndicho nitakachofanya. Kwisha!

Jumanne, tarehe 4
Nimemuuliza Pasi kistaarabu. Kanijibu, "Shoga, fua." Roho mbaya ile! Alipoingia kwa mshauri nikaburuta kikapu mpaka mlangoni, nikawa nakunja shuka lilelile. Nimesikia kwa masikio yangu: zote, na haraka. Haraka! Kuna dili hapo.

Zamu yangu. Sijakaa hata vizuri nikasema nifanyie kama Pasi. Binti kavua miwani. Kasema ya Pasi ni ya Pasi; mimi nimebakiza miaka tisa, nikiziacha zitazaa, nikizichukua zinakatwa kodi na uzeeni sina kitu. Nikamkonyeza. Nikamwambia mwanangu, mimi si wa kudanganywa. Kanibembeleza weee! Alivyozidi kubembeleza ndivyo nilivyojua kuna kitu wananificha. Nimesaini. Muda uliobaki nimemhadithia ndoa ya mpishi ilivyovunjika.

Ijumaa, tarehe 7
Siku ya tatu Pasi haonekani kazini. Nikajua kashaanza biashara! Nikamfuata kwake, nijue ni biashara gani nami niingie. Kafungua dada yake. Pasi kalala, blanketi limemmeza. Biashara hakuna. Ini limeharibika, madaktari wamemwambia mwaka huu hamalizi. Pesa ni za ada za watoto, azilipe mwenyewe kabla hajaondoka.

Nikamwambia nami nimechukua zote. Kaniangalia weee. Kasema, "We mwanamke, mimi uzee haunihusu. Wewe utakula nini?" Halafu akacheka, kikohozi kikamkatiza, tukaishia kulia wote.

Nimerudi kwa miguu. Baba watoto sijamwambia.

Jumatatu, tarehe 10
Nimemkimbilia mshauri afute. Kasema imeshapita, hairudi nyuma. Ila zikiingia nisiziguse. Nije Jumatano tukae, anionyeshe pa kuziweka, na safari hii tuongee yangu mimi, si ya watu. Mtoto wa watu ana moyo! Nimekubali.

Lakini jioni natoka, namuona mlinzi wa getini anacheka peke yake, viatu vipya mguuni. Naye yumo kwenye mfuko wetu, kasaini achukue zote. Mtu hacheki hivyo bure. Mshauri atanisubiri kidogo. Kesho nampelekea mlinzi chai.